Waya wa Agosti

Waya wa kusugulia sufuria ukiusahau ndani ya maji usiku mmoja tu, asubuhi unaukuta umekuwa mwekundu kama strungi, chai isiyo na maziwa, na ukiushika, vidole vinabaki na harufu. Si harufu ya uchafu. Inakaribia damu kidogo, inakaribia mvua ya kwanza kwenye mabati makuukuu, lakini si damu wala si mvua. Ni kutu. Mimi nikiisikia hiyo harufu asubuhi, siku yangu imekwisha kabla ya chai. Nitafungua kibanda, nitapanga ndizi na maparachichi, nitacheka na wateja, lakini vidole vyangu vitakuwa vimejificha mfukoni mwa aproni kama vya mtu aliyeiba.

Kaa nikwambie. Nitazunguka kidogo kabla ya kufika, nivumilie. Hapa Kabiria wananiita Shosho, yaani nyanya, na bado sijafika arobaini. Miguu ni ya kijana, ni mdomo ndio umezeeka. Na shule niliishia darasa la nane, kwa hivyo ukikuta mahali sentensi imevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia, pita tu. Kwa nini niliishia darasa la nane, hilo ndilo nataka kukwambia. Wengi wa rika langu watakujibu ni umaskini. Ulikuwepo, sikatai. Lakini mimi nilikuwa na njia, na njia hiyo niliikata mwenyewe, na nitakuonyesha mahali nilipoikatia.

Baba yangu, Mutuku, alikuwa fundi wa baiskeli kabla hajawa mtu wa kukata nyasi. Kibanda chake kilikuwa pale njia inapoteremka kwenda mtoni, mabati matatu na gunia moja la kuzuia jua. Baiskeli zilikuja za kila aina: za mkate, za maziwa, ya pasta mmoja aliyekuwa mzito kuliko baiskeli yenyewe. Mara moja moja ililetwa baiskeli ya mtu aliyehamishwa kazi kutoka Mombasa, na hizo baba alizipenda vile daktari anavyompenda mgonjwa wa ajabu. Alituita tuje tuone. "Angalieni chumvi inavyokula," alisema, na kweli, ungekwaruza rimu kwa ukucha ikabanduka kama ganda la mkate. Lakini ndani ya mzoga wote huo, mara nyingine, waya wa breki ulikuwa mzima, mweupe, kana kwamba haukusafiri na wenzake. Baba aliutoa, akaleta sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio, akaugusa. Sumaku ilishika kwa uvivu, ikaanguka.

"Huyu chumvi haimpati," akasema. "Sumaku ikimng'ang'ania mtu wa aina hii, jua ataoza. Ikimwacha, ataishi."

Bahari hakuwahi kuiona. Aliijua kwa kutu.

Halafu mwenye ploti akataka ploti yake, akajenga ghorofa, na kibanda kikaisha. Baba akapata kazi Lavington, ya kukata nyasi na kupunguza ua. Ilikuwa mwendo wa miguu. Unavuka Kawangware na kelele zake zote, unakata kona kadhaa, na kelele inakatika kama mtu amezima redio. Kuta pande zote mbili, maua yamemwagika juu ya kuta, mbwa wanaokujua kwa hatua zako. Wakati wa likizo nilienda naye kung'oa magugu. Sikuajiriwa, nilipewa chai na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili, na kwangu huo ulikuwa mshahara mkubwa.

Mwenye nyumba tulimwita Mdosi, yaani bosi. Hata mama alimwita hivyo kwenye maombi: "Ee Baba, umlinde Mdosi." Hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema usije ukakaa hapo kusubiri nimtukane.

Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, kuvua samaki baharini akiwa amesimama ufukweni. Si kwa mashua, hapana. Alisimama kwenye maji ya magoti, mawimbi yanampiga, anarusha uzi mbali kwa ufito mrefu, halafu anauvuta polepole. Mwisho wa uzi hakuna mnyoo wala kipande cha nyama. Kuna samaki wa bandia, wa mbao au plastiki, amepakwa rangi na kuchorwa macho, na chini ya tumbo ana ndoana tatu tatu kama makucha. Samaki wa kweli anamwona akiogelea, anadhani ni chakula, anamrukia. Vyambo hivyo Mdosi alikuwa navyo sanduku zima. Barasa, mlinzi wa lango, ambaye kwao ni karibu na ziwa na kwa hivyo alijiona mtaalamu, alichungulia sanduku siku moja akatikisa kichwa.

"Mtu mzima," akaninong'oneza, "anaenda mpaka Mombasa kutupa midoli kwa maji."

Na kweli alikuwa anaitupa. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Kila akirudi kutoka Pwani sanduku lilikuwa limepungua. Aprili ya mwaka nilipokuwa darasa la nane, elfu mbili na tano ama na sita, nilikuwa nang'oa magugu chini ya baraza na yeye amekaa juu, sanduku wazi mbele yake, kama mtu anayehesabu watoto baada ya ajali. Kulikuwa na kimoja cha mbao, chekundu, rangi imepauka, ambacho aliachiwa na marehemu baba yake. Hicho hakuwahi kukitia majini. Aliogopa.

"Samaki wa huko ana meno kama msumeno, Mutuku," alimwambia baba. "Nguru. Mzia. Anashika, navuta mara moja, mara mbili, halafu uzi unakuwa mwepesi. Ameukata. Chambo kimeenda na yeye. Mimi nabaki na uzi mtupu kama mtoto tiara yake imeruka."

Baba alikuwa amesimama na mkasi wa ua. Katika nyumba ile hukujibu mpaka uulizwe, na hapo hakuwa ameulizwa. Alikata matawi mawili. Akakata la tatu.

"Mkubwa," akasema, "hayo meno hayakati chambo. Yanakata uzi ulio karibu na chambo. Hapo tu, kama shibiri. Hapo ndipo pa kuvisha chuma."

"Waya nilijaribu. Waya mnene chambo hakiogelei, kinalala kama gogo. Na samaki akiuona hashiki."

"Si huo. Wa breki ya baiskeli."

Mdosi alicheka. Halafu akaacha kucheka.

Nitakueleza ulivyotengenezwa, maana ninachojua vizuri duniani ni hiki na bei ya ndizi. Waya wa breki ukiufumua, ndani mna nyuzi za chuma, nyembamba kama nywele za mkia wa ng'ombe. Unachukua mbili. Unazinyoosha kwa kuzivuta kuzunguka chupa ya soda mpaka ziache ukaidi. Unazisokota pamoja, urefu wa shibiri na nusu. Ukizidisha, chambo kinapoteza uhai wake majini, ukipunguza, meno yanaruka chuma na kufikia uzi. Kila mwisho unakunja kitanzi, na kwenye kitanzi ndipo kazi ilipo. Kwanza unapishanisha pande zote mbili, huu juu ya huu, huu juu ya huu, zijisokote sawasawa. Ukizungusha upande mmoja tu juu ya mwenzake, kitanzi kitateleza siku ya samaki mkubwa. Ndipo unamaliza kwa mizunguko ya kubana, mitano au sita, imekaa bega kwa bega kama akina mama kwenye benchi la kanisa. Na ncha inayobaki huikati kwa koleo. Ukiikata inabaki na jino, litakuchana vidole. Unaipinda nyuma na mbele, nyuma na mbele, mpaka ivunjike yenyewe.

"Usimkate, mchoshe," baba alisema.

Vidole vyake vilikuwa vinene mno kwa vitanzi. Vyangu vilikuwa vyembamba. Basi yeye alisokota, mimi nilikunja. Mwisho aliwasha koroboi mchana kweupe, akaupitisha waya juu ya moshi mpaka ukawa mweusi, kwa sababu Mdosi alikuwa amemwambia kwamba samaki wa meno hurukia chochote kinachong'aa, na hutaki aurukie waya badala ya chambo. Kisha tulining'iniza mtungi wa lita ishirini, umejaa maji pomoni, kwenye boriti ya mlango, umeshikwa na huo waya peke yake. Mama alikataa kupita chini yake.

"Mimi niuawe na breki ya baiskeli?" aliuliza. "Watu waseme nini mazishini?" Akakaa nje mpaka tukautoa.

Agosti, Mdosi alienda Pwani na nyaya nne. Aliporudi hakuingia hata ndani. Alimwita baba akiwa bado kwenye gari. Vyambo vyote vilikuwa vimerudi. Alimpa baba waya mmoja, uwe wake, na baba akaniita nione. Masizi yalikuwa yamekwaruzika, na chuma chenyewe kilikuwa na mistari midogo midogo, pale meno yalipouma yakateleza yakakosa pa kushika. Baba alizunguka nao Kabiria nzima. Aliuonyesha kinyozi. Aliuonyesha yule pasta mzito. Mimi nilingoja Jumapili mchana amesinzia, nikaulamba. Ulikuwa na chumvi. Hiyo ndiyo bahari yangu; nyingine sijaiona mpaka leo.

Ni siku hiyo ya gari Mdosi aliponiangalia vizuri kwa mara ya kwanza, akauliza niko darasa gani. Baba akasema la nane.

"Na nani anakunja hivi vitanzi?"

Baba akaninyooshea kidole. Mdosi akauzungusha waya kati ya vidole.

"Mutuku, Desemba niko huko wiki mbili, na marafiki zangu wanakuja na vyambo vyao. Nitengenezee dazeni. Zikishika, huyu msichana Fomu Wani mwachie mimi. Mpaka amalize."

Alisema mbele ya Barasa. Alisema mbele ya mbwa. Maneno yaliyosemwa mbele ya lango zima hayarudi, ndivyo tulivyoamini. Mama alipoambiwa, aliinuka kutoka kwenye kiti, akakaa tena, akainuka.

Nilifanya mtihani Novemba. Waya mzuri ulikuwa umetuishia, na baba alizunguka mpaka akagundua duka moja mjini, Kirinyaga Road, lililokuwa nao. Lakini Desemba hiyo Mdosi alimshika kazini kila siku, nyumba iachwe safi, miti ipunguzwe, magari yaoshwe. Ikafika Jumamosi. Mdosi anaondoka Jumapili asubuhi. Baba akanituma mimi. Alifunga sumaku kwenye leso yake, akaniwekea mkononi na kuvikunja vidole vyangu juu yake.

"Duka la tatu baada ya pale wanapochomelea mageti. Hao wengine watakuonyesha waya unaong'aa kama kikombe cha mashindano. Usisikilize mdomo wa mtu. Sikiliza sumaku. Na wanafunga saa saba."

Nilishuka mjini saa nne. Nilikuwa na saa tatu nzima mkononi, na ukiwa na miaka kumi na minne, saa tatu ni mali isiyoisha. Nikasema nipite Biashara Street, nipite tu, niangalie madirisha ya sare za shule. Hapo ndipo, msomaji wangu. Hapo ndipo nilipokatia njia.

Kulikuwa na midoli isiyo na vichwa, imevaa sweta za kijani na tai, na chini yake masanduku ya chuma yaliyopakwa rangi ya buluu, yenye mahali pa kuandika jina. Niliangalia mahali pa jina kwa muda mrefu. Mwanamke wa dukani akanitokea mlangoni.

"Karibu, madam. Unaenda shule gani?"

Hakuna aliyewahi kuniita madam. Nikataja shule ya wasichana niliyoisikia kwenye redio. Uso wake ukabadilika, akaniingiza ndani, akanivika sweta, akanivika sketi juu ya rinda langu, akanifunga tai kwa mikono yake. Akanigeuza kwenye kioo. "Angalia! Prefekti kamili!" Nikajiangalia. Nikajigeuza. Nikaomba nijaribu soksi. Nikaomba nijaribu ile sweta nyingine yenye mstari. Sikuwa na hata senti ya kununua kifungo, na yule mama, nadhani, alishajua. Alinihurumia ama hakuwa na wateja. Kilichonishtua ni wasichana wa dukani walipoanza kuingiza masanduku kutoka nje. Nikauliza saa. Saa saba kasoro.

Nilikimbia. Nikafika Kirinyaga Road kifua kinawaka, nikapita wachomeleaji wa mageti, nikahesabu duka la kwanza, la pili, la tatu. Lilikuwa limefungwa kufuli mbili.

Duka la pili mwenyewe alikuwa bado anafagia.

"Kwani unafukuzwa na nani, msichana?"

"Natafuta waya wa breki. Ule haushiki kutu."

"Zote hazishiki. Hii hapa. Hii hata ukizikwa nayo, itabaki."

Ulikuwa unang'aa. Nikaifungua leso, nikasogeza sumaku. *Tak!* Iliudaka waya kama mtoto aliyepotezana na mamake sokoni. Mwenye duka aliangua kicheko, akaegemea ufagio.

"Maina! Kuja uone! Daktari wa waya amekuja na mashine yake!"

Maina akaja, na mwingine akaja, na wakacheka, na mimi nikiwa nimesimama pale na harufu ya sweta mpya bado puani. Nilijua. Nataka uelewe hilo. Sikudanganywa na mtu. Sumaku ilisema na nikaisikia. Lakini kurudi mikono mitupu kulimaanisha kumwambia baba nilikuwa wapi kuanzia saa nne mpaka saa saba, na nilikuwa mbele ya kioo, nimevaa shule ambayo sijaipata. Nikaununua.

Mbele kidogo kuna mtaro, maji meusi yaliyochanganyika na mafuta ya magari. Nikasimama juu yake. Kama sumaku ingefika nyumbani, baba angeiweka juu ya waya, nayo ingesema. Nikailegeza leso. Sumaku ilizama bila hata sauti. Sijui kama umewahi kumzamisha shahidi. Mimi nimewahi, na nilienda zangu nikanunua maji ya sukari ya rangi nikanywa.

Baba alikuwa amekaa nje ya mlango, chupa ya soda na koroboi tayari, jua bado lipo. Mama alikuwa kando akichambua maharagwe.

"Umepima?"

"Nimepima, baba."

Akafumua, akatoa nyuzi mbili, akazivuta kuzunguka chupa. Mkono ukasimama. Akazivuta tena, taratibu.

"Ndinda," akaniita. "Umepima wote ama mwanzo tu?"

"Wote, baba."

"Sumaku iko wapi?"

"Ilianguka nikishuka kwa gari."

"Wewe nawe," mama akasema, "mtoto ametoka mjini hata maji hajanywa, unamuuliza kama polisi."

Baba aliinua macho. Aliangalia jua limebaki kiasi gani. Halafu akasema, polepole, "Njia ya mwongo ni fupi," akanitazama. Alipenda misemo, kwa hivyo nilimjibu kama anayejibu msemo. "Ndiyo, baba, hiyo tulifundishwa shuleni."

Akaishika tena chupa ya soda. "Haya," akasema. "Shika hapa."

Tulitengeneza kumi na mbili. Sikumbuki siku nyingine tuliyofanya kazi kimya hivyo. Vitanzi vyangu vilikuwa vizuri kuliko vyote nilivyowahi kukunja. Moshi ulifunika mng'ao. Mtungi ulining'inia kila mara bila kutikisika. Maji ya Kabiria hayana chumvi, hayakuwa na la kusema. Na mwezi huo wote niliomba. Wenzangu waliombea alama za mtihani, mimi nilimwomba Mungu apunguze chumvi baharini, wiki mbili tu.

Matokeo yalitoka, nikapita. Barua ya kuniita ikaja, si ya shule ile ya redioni, lakini shule nzuri, ya bweni. Mama aliipiga pasi hiyo bahasha, nakuapia, aliipiga pasi. Mdosi alikawia Pwani mpaka Januari, na siku aliporudi nilienda na baba nimeishika kifuani.

Harufu ilitangulia. Mdosi alikuwa barazani na gazeti limetandazwa mezani, na juu ya gazeti nyaya zilizobaki, saba ama nane, nyekundu, zimelipaka karatasi rangi yake. Ndiyo mara ya kwanza nilipokutana na harufu hii. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Siku mbili zilikuwa sawa, Mutuku. Ya tatu nguru akashika. Nilimwona mgongo wake. Waya ukakatika kama uzi wa kushonea. Nikafunga mwingine, ukakatika. Wenzangu hivyo hivyo, mpaka wakanicheka." Akanyoosha gazeti kwa kiganja. "Na kile chekundu cha mzee. Miaka yote sikukitia majini. Nilikitia kwa sababu nilikuamini."

Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua.

"Ni mimi, mkubwa," baba akasema. "Waya ulikuwa mbaya."

"Ulijua?"

Baba aliziangalia nyaya. "Nilijua."

Mdosi alimwangalia muda mrefu. Kisha macho yake yakaja kwangu, kwenye bahasha. "Na hiyo ni nini?"

Baba akaichukua mkononi mwangu kabla sijainua, akaikunja mara mbili, pasi yote ya mama ikaisha, akaitia mfuko wa shati. "Si kitu, mkubwa. Ni ya kanisa."

"Nyasi za nyuma zimeota sana," Mdosi akasema. Baba akaenda kuchukua mashine ya nyasi. Mimi nikasimama pale mpaka Barasa akaja kunishika mkono.

Hakumfukuza. Baba alikata nyasi zile miaka mingine tisa. Mdosi alinunua nyaya za dukani, za pakiti, na habari ya Fomu Wani haikutajwa tena, na huwezi kusema alivunja ahadi. Alisema zikishika. Hazikushika. Nilipofika miaka kumi na sita nilichukuliwa pale pale kupiga pasi, na bintiye mdogo alipoingia sekondari, kola na sketi zake zilipita mikononi mwangu kila mwisho wa muhula. Sweta yake ilikuwa ya kijani. Niliikunja vizuri. Baba alipita dirishani na mashine yake, na hatukuwahi kulizungumza jambo lile, hata kwenye kitanda cha hospitali, hata mwisho.

Miaka yote niliamini lile "nilijua" lilikuwa uongo, uongo wa baba kumfunika mtoto. Nililitunza hivyo. Lilinipa hata joto fulani.

Mwaka juzi kuna kijana fundi wa pikipiki na baiskeli alifungua kando ya kibanda changu. Siku moja nilikuwa naongea naye, sijui nini, mimi huongea tu, na chini kulikuwa na vipande vya waya wa breki, aina mbili, vimefumuka. Nikaokota uzi bila kuangalia, kama mtu anavyookota kijiti. Vidole vikaanza kukunja kitanzi vyenyewe. Nikaokota mwingine. Huu ulipita vidoleni kwa utelezi na ubaridi. Ule wa kwanza ulikuwa unakwaruza kidogo, kidogo sana, kama ulimi wa paka.

"Huu utashika kutu," nikamwambia.

"Shosho, umejuaje na hujauangalia?"

Nilifunga kibanda saa sita mchana.

Mimi maishani nimekunja vitanzi thelathini na kitu. Baba alishika nyaya za breki miaka ishirini. Jioni ile aliuvuta kuzunguka chupa mara mbili. Aliniuliza mara tatu, na mara ya nne akanishikia mlango wazi kwa msemo, akangoja nipite, nikamwambia tulifundishwa shuleni. Barazani neno la kweli lilisemwa moja tu, na alilisema yeye, na mimi nililipokea kama uongo.

Watu husema baba kama huyo ni wa kusifiwa. Mimi nina hasira naye. Angenizaba kofi. Angeenda kwa Mdosi jioni hiyo hiyo akasema waya umekosekana, chukua huu mmoja wa Agosti na zile tatu zako, nyingine ukirudi. Ningeaibika siku moja. Lakini aliona afadhali kuharibu jina la mikono yake kuliko kuniambia usoni wewe ni mwongo, na mimi nikalipia, na yeye akalipia, na njia ya mwongo, ile fupi, yangu imefika miaka ishirini na bado inaenda.

Ule waya wa Agosti ninao. Unaning'inia kwenye msumari juu ya beseni la vyombo. Mvuke wa sufuria unaupata, maji ya sabuni yanaurukia, na kuna siku, Mungu anisamehe, naupaka chumvi ya mezani, naulowesha, nauacha mpaka kesho. Chini yake waya wa kusugulia unaoza kila wiki, nanunua mwingine. Asubuhi naamka, kabla ya chai, nauangalia. Mikwaruzo ya meno iko pale pale. Kutu hakuna.